Jiwe la Kubangulia Korosho

Kila siku, jua lilipoanza kugusa mabati ya mtaa wa Keko, Sesilia alikuwa amekwisha kuzoa maranda yaliyoanguka jana yake chini ya meza ya kazi katika banda la useremala la baba yake. Aliyatia katika gunia, akaliegemeza nguzoni ili mama lishe wa jirani aje alichukue kwa kuwashia moto, kisha akanyunyizia sakafu maji kidogo vumbi la mbao litulie. Baba yake, fundi Petro, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikagua kazi ya binti yake kwa macho, akaitikia kwa kichwa mara moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa shukrani yake.

Mama yake alikuwa amekwenda Newala kumuuguza bibi. Tangu siku hiyo Sesilia, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeangalia mambo ya nyumbani na ya bandani. Lakini mama hakuwasahau. Msimu ulipofika alipakia katika basi gunia dogo la korosho zenye maganda yake. Sesilia alizichoma juu ya kipande cha debe mpaka maganda yakashika moto, akazimwagia mchanga, akakaa kuzibangua.

Korosho haibanguliwi popote tu. Ukiipiga juu ya ubao, hudunda. Ukiipiga juu ya udongo, huzama. Inataka jiwe tambarare. Na jiwe la namna hiyo lilikuwamo humo humo bandani, katikati ya banda: kipande cha zege kilichochomoza ardhini kiasi cha upana wa kiganja, chenye nondo fupi katikati na maandishi ubavuni, K 6. Uso wake ulikuwa mweusi kwa mafuta ya maganda ya miaka mingi. Sesilia alikuwa ameijua herufi K na tarakimu 6 kabla hajavaa sare ya shule, kwa kuzifuata kwa kidole hapo jiweni. Hakuwahi kuuliza nani aliliweka.

Mbele ya banda ilipita njia ya miguu. Ilitokea msikitini, ikafuata bonde mpaka makaburini, kisha ikaendelea kuelekea Mtoni. Upande mmoja wa njia palikuwa na mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Upande wa pili, nguzo za banda la fundi Petro, ambalo halikuwa na ukuta upande huo. Kati ya mfereji na nguzo, watu wawili wenye mizigo hawakuweza kupishana bila mmoja kujikunja.

Jumatatu moja, mgeni alifika shuleni. Alikuwa Bi. Noela, afisa mipango miji, naye alibandika ubaoni ramani kubwa iliyopitiwa katikati na mstari wa kijani.

"Jiji letu linakua," aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita. "Miaka ishirini ijayo, ninyi mtakuwa na watoto. Je, watoto wenu watacheza wapi? Watapita wapi bila kugongwa na pikipiki? Tunaandaa mpango wa bustani na njia za miguu. Mstari huu wa kijani ni bonde lenu. Tunataka njia ya upana wa mita tano, miti kandokando, na uwanja wa michezo pale panapotupwa takataka sasa."

Darasa zima lilinong'ona kwa furaha. Bi. Noela akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Lakini huwezi kupanga ya kesho bila kujua ya jana. Bonde hili lilipimwa zamani likaachwa kuwa eneo la wazi. Mipaka yake iliwekewa mawe sita ya zege, yale ambayo watu huyaita bikoni. Ramani ya zamani imeliwa na mchwa kwenye kona moja, pale njia inapopinda, kwa hiyo hatuwezi kukisia. Ni lazima tuyaone mawe yenyewe. Kila jiwe lina nondo katikati na namba ubavuni."

 Sesilia alitaka kuinua mkono papo hapo, lakini Mwalimu Stephano alikuwa tayari anagawa kazi. Wanafunzi wangefuatana na wapimaji siku ya Jumatano, wengine wakiandika, wengine wakishika vifaa.

"Sesilia atashika futi kamba," mwalimu alisema. "Ni mtoto wa fundi, na hasomi kipimo kwa kubahatisha."

Lulu, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja, alimgonga kwa kiwiko. "Haya, fundi, pima vizuri. Usije ukatukata miguu ukatutengenezea stuli."

Mchana ule Sesilia alirudi bandani akikimbia. "Baba! Jiwe letu la korosho ni bikoni! Linatafutwa na Manispaa!" Akamweleza yote, njia, miti, uwanja, bila kuvuta pumzi.

Fundi Petro aliacha kupiga randa. Alilitazama jiwe kwa muda mrefu, kisha akazitazama nguzo za banda lake, akapima kwa macho umbali uliokuwa kati yake.  Alasiri, Sesilia alipokuwa akiosha vyombo, alisikia kishindo cha mbao zikishushwa. Alipogeuka aliona baba amezilaza mbao za mninga, zenye urefu wa mita nne, kutoka katikati ya banda mpaka nguzoni, moja juu ya nyingine, na jiwe halikuonekana tena.

"Korosho kabangulie uani kwa jirani," baba alisema.

Msomaji asidhani kwamba Sesilia hakuelewa. Alielewa vizuri sana.

Siku ya Jumatano wapimaji walifika na chombo chao cha miguu mitatu. Jiwe la kwanza lilipatikana karibu na msikiti, la pili chini ya kichaka, la tatu, la nne na la tano kando ya bonde. Kila lilipoonekana, watoto walishangilia. Sesilia alivuta futi kamba, akasoma kipimo kwa sauti, na Lulu akaandika. Hatimaye walifika mbele ya banda.

"Hapa njia inapinda," alisema Bi. Noela. "Jiwe la sita linapaswa kuwa karibu sana na hapa. Fundi, habari za kazi? Hujaona jiwe la mpaka?"

"Nzuri, mama. Mie hapa nina mbao tu," alijibu fundi Petro bila kuinua kichwa.

Bi. Noela akamgeukia Sesilia kwa tabasamu. "Na wewe msaidizi wangu? Umekulia hapa. Umewahi kuliona jiwe lenye nondo katikati?"

Sauti ya randa ilikatika. Sesilia aliutazama mgongo wa baba yake, uliokuwa umeinama bila kutikisika. 

"Sijaliona, mama."

"Basi," alisema Mwalimu Stephano. "Huyu akisema hajaliona, hajaliona. Namfahamu."

Maneno hayo yalimchoma Sesilia kuliko fimbo. Randa ikaanza tena kulia. Bi. Noela alikunjua ramani juu ya goti, akachora kwa penseli.

"Sina budi kufuata nguzo za banda. Njia hapa itakuwa mita moja na nusu. Jumamosi tuna mkutano wa mtaa; wananchi wakikubali, mpango utatiwa saini, na ukisha kutiwa saini hautafunguliwa tena kwa miaka ishirini."

"Mita moja na nusu!" Lulu alisema. "Hata mbuzi wanaopelekwa Vingunguti kuchinjwa hupewa njia pana kuliko hiyo."

Watoto walicheka. Sesilia alikunja futi kamba polepole, akairudisha.

Alhamisi, baada ya masomo, alimpelekea Mzee Sadallah korosho. Mzee Sadallah alikuwa babu yake Lulu na mwenyeji wa siku nyingi wa mtaa ule, lakini sasa alikuwa mgonjwa, hatoki kitandani. Kila msimu Sesilia alimpelekea kisahani kimoja. Lulu alimpokea, akaenda nje kumchotea babu yake maji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ee, Mmakonde wangu! Nilidhani mwaka huu mmezila zote pamoja na mchanga wake." Mzee alichukua korosho moja, akaitafuna upande wa jino lililobaki. "Hizi hazikupondeka hata moja. Umebangulia kwenye jiwe lile?"

"Ndiyo, babu," alijibu Sesilia. Za mwanzo kweli alikuwa amezibangulia hapo.

"Jiwe lile mimi nilishika mnyororo siku linapandwa. Nilikuwa kijana mwenye nguvu. Mpimaji aliuliza, 'Njia mnaitaka pana kiasi gani?' Unajua wazee walifanya nini? Walikwenda msikitini wakaleta jeneza tupu. Wakalibeba wanne, na wa kupokezana wakasimama huku na huku, maana kwetu maiti habebwi na watu wale wale. Kila mtu hutaka kumsindikiza hatua chache kwa bega lake. Wakatembea hivyo bondeni, na pale mabega ya mwisho yalipofika, tukapiga vigingi. Futi zilikuja baadaye, mjukuu wangu. Njia ile ilipimwa kwa mabega."

 Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimewabeba wengi katika njia hiyo. Siku yangu nami ikifika, napenda nipite kwa nafasi."

Sesilia alitaka kusema.  Lulu akaingia na kikombe cha maji, na Sesilia akaaga akaondoka.

Mzee Sadallah alifariki alfajiri ya Ijumaa.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na udongo wa bondeni ulikuwa unateleza. Baada ya sala ya alasiri, mtaa mzima ulikusanyika. Wanawake walibaki msibani na Lulu. Wanaume wakalichukua jeneza. Jeneza hilo la msikiti lilikuwa kazi ya fundi Petro. Mwaka uliopita, la zamani lilipoliwa na mchwa, yeye, ingawa ni Mkristo, alilitengeneza jipya la mninga na hakutaka malipo. Naye alikuwa miongoni mwa wabebaji wa siku ile, kwa kuwa marehemu alikuwa jirani yake wa miaka mingi.

Sesilia alisimama bandani. Alisikia kwanza sauti za dhikri zikikaribia, nzito na za taratibu, kisha akaona jeneza lililofunikwa nguo ya kijani likisogea juu ya mabega. Walipofika penye nguzo, wa kupokezana hawakuwa na pa kukanyaga. Wakabaki nyuma. Wabebaji wanne wakajaribu kupita wenyewe, wa upande huu wakisugua mabega kwenye nguzo, wa upande wa pili wakikanyaga ukingo wa mfereji.

Upande wa mfereji, mbele, alikuwa fundi Petro.

Ukingo ulimeguka. Mguu wake ukazama mpaka gotini, jeneza likalala upande, na nguo ya kijani ikaanza kuteleza. Kelele zikapanda. Mikono ikanyooshwa kutoka kila upande.

"Shikeni! Shikeni!"

"Lisianguke! Shusheni hapo!"

Pa kulishushia palikuwa mahali pamoja tu. Wakaliegemeza jeneza juu ya rundo la mbao za mninga, na Mzee Sadallah akalala pale, akisubiri, watu wakimvuta fundi Petro kutoka matopeni. Hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya mbao zile ila watu wawili, na macho ya hao wawili yalikutana juu ya jeneza. Fundi Petro ndiye aliyeyainamisha yake kwanza.

Wakalinyanyua tena. Dhikri ikaendelea, ikafifia bondeni.

Jua lilikuwa halijatua fundi Petro aliporudi, matope yakiwa yamekauka kwenye suruali yake. Alimkuta Sesilia ameshika ncha ya ubao wa juu, akiuvuta kwa nguvu zake zote. Ubao ulikuwa umesogea shubiri moja.

"Unafanya nini?"

"Nafunua jiwe, baba."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna." Sesilia hakuuachia ubao. "Nilisema uongo, baba. Mwalimu akaniamini mbele ya watu. Kesho nitausahihisha."

Baba aliketi juu ya kigogo. Akafuta uso kwa mkono. "Unajua tukifuata jiwe lile banda litabaki nusu? Nilikwisha kuvunjiwa mara moja, kando ya barabara. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Niliapa sitavunjiwa tena."

"Najua, baba."

"Hujui. Ulikuwa mdogo."

"Sijui hilo," Sesilia alisema, machozi yakimtoka. "Lakini leo babu Sadallah amewekwa juu ya mbao zetu kama kabati linalosubiri mteja. Hilo nimeliona."

  Fundi Petro akasimama, akazunguka, akashika ncha ya pili ya ubao. Wakaunyanyua pamoja. Wakafanya hivyo kwa ubao wa pili, na wa tatu, mpaka jiwe jeusi likaonekana.

Jumamosi asubuhi, watu walikaa chini ya turubai mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Bi. Noela alieleza mpango wote, kisha mwenyekiti wa mtaa akauliza kama kuna mwenye neno. Sesilia aliinua mkono. Wengine walicheka kidogo, maana hawakuzoea mtoto kusema mkutanoni, lakini mwenyekiti alimruhusu.

"Jiwe la sita lipo," alisema.  "Lipo bandani kwetu. Nimebangulia korosho juu yake tangu nikiwa mdogo. Bi. Noela aliponiuliza nilisema sijaliona. Nilisema uongo."

Mnong'ono ulienea kama moto wa maranda. "Kumbe, fundi Petro!" mtu mmoja alipaza sauti. "Na jana umebeba jeneza!"

Fundi Petro alisimama. "Msimtazame mtoto. Nitazameni mie. Mbao niliziweka kwa mikono yangu, tena nilijua ninalifunika nini. Nilipofika mtaani hapa nilikuta njia pana, nikaimega kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ule. Jana imenirudia. Naomba radhi kwa wafiwa na kwa mtaa wote. Kabla ya Jumatatu nguzo zitakuwa zimeng'olewa."

 Bi. Noela alichukua kifutio, akaufuta mstari wa penseli mbele ya watu wote.

Mwalimu Stephano alimwita Sesilia pembeni. Uso wake haukuwa na tabasamu. "Nilikudhamini kwa neno langu, ukalivunja. Kusema kweli leo hakufuti kosa la Jumatano; ndio mwanzo wa kulilipa. Wapimaji watarudi Jumatatu, lakini futi kamba itashikwa na mwingine."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Sesilia. Aliona kwamba ni haki.

Jumatatu futi kamba ilishikwa na Lulu. Hakumtazama Sesilia hata mara moja, na kwa siku tisa hawakusemezana, ingawa dawati lilikuwa moja. Siku ya kumi Lulu alitokea bandani, au tuseme katika nusu ya banda iliyobaki, akiwa na nyundo ndogo mkononi.

"Tunaandaa arobaini ya babu," alisema, akitazama chini. "Bibi anasema alipenda korosho zako. Nimekuja tubangue. Ila mie sijui, usinicheke nikijigonga."

"Sitakucheka," alisema Sesilia.

"Utanicheka tu. Nakujua." Wakaketi kando ya njia, kwa kuwa jiwe sasa lilikuwa nje, mpakani, jua likiliwakia. Na Lulu alijigonga kidole kwenye korosho ya kwanza, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mpango ulitiwa saini. Kabla mwaka haujaisha, ukingo wa mfereji ulikuwa umejengwa kwa mawe, njia imesawazishwa, na wanafunzi wakaitwa kupanda miche kandokando. Fundi Petro, ambaye sasa alifanya kazi kwenye meza fupi, alitengeneza kwa vipande vya mninga mabenchi manne. Siku ya kupanda, Mwalimu Stephano alimkabidhi Sesilia futi kamba ili apime nafasi kati ya mche na mche.  Alisubiri tu asome kipimo, akakiandika bila kukihakiki.

Kazi ilipokwisha, Sesilia alileta maji na majivu, akainama kulisugua jiwe ili weusi wa korosho utoke. Baba yake alimzuia.

"Liache hivyo. Wapimaji wajao wasipate taabu kulitafuta."

Kisha, mtu yule wa maneno machache, alikaa juu ya benchi lake mwenyewe, akamketisha binti yake karibu, akasema zaidi ya alivyozoea.

"Sesilia, mimi ni fundi, na nitakwambia jambo la ufundi. Ubao ukipindika, unaweza kuupiga randa. Msumari ukiingia vibaya, unang'olewa. Lakini kipimo cha kwanza kikiwa cha uongo, kila kitakachojengwa juu yake kitakwenda upande, hata fundi awe hodari namna gani. Nyumba ni hivyo, mtu ni hivyo, na mji ni hivyo hivyo. Mimi nilipima kwa hofu yangu, nikataka mtaa mzima uishi ndani ya kipimo hicho miaka ishirini. Wewe ulipotoka kwanza, kisha ukarudi. Ukawe mtu wa kurudi upesi. Na bora zaidi, uwe mtu asiyepotoka."

Walipokuwa wamekaa hivyo, watu walitoka sala ya alasiri na kupita njiani kurejea makwao. Walikuwa wanane, wakizungumza, bega kwa bega, na hakuna aliyehitaji kumpisha mwenziwe.